Transfoma mpya, breka zilezile

Jana tumemaliza kukagua mfumo wa umeme wa kiwanda kimoja, usingizi umenipaa. Transfoma ya kVA 315 (kVA ni kipimo cha uwezo wake) ilishatolewa, ikawekwa ya 1000. Breka je? Zilezile, za kukata shoti isiyozidi ampea 16,000. Tukapiga hesabu: kwa volti 400 na impidansi (ukinzani wa ndani wa transfoma) ya asilimia 5, shoti kwenye paneli kuu inakaribia ampea 29,000! Breka hiyo inaweza kumpasukia mtu usoni. Na mzee wa zamu huiwasha na kandambili miguuni (kandambili, jamani!), mlango wa paneli wazi. Nilipomwonyesha namba akacheka: "Mwanangu, mbona miaka yote inafanya kazi?" Leo nimemkuta na buti, kasimama mbali, ananiuliza breka mpya zinakuja lini.