Jinsi nilivyofanikiwa kuifungia dawa ya fangasi ndani ya vitufe vya polima

Nilipoanza utafiti wangu wa shahada ya uzamili katika famasia, nilikusudia kutengeneza maikrosfia, yaani vitufe vidogo mno vya polima vinavyobeba dawa ya fangasi na kumong'onyoka taratibu mwilini. Fangasi niliyemlenga ni Histoplasma, ambaye huingia mapafuni kwa pumzi na kisha kuishi ndani ya makrofaji, seli za kinga zinazopaswa kummeza na kumuua. Makrofaji humeza kwa wepesi vitufe vyenye kipenyo cha maikromita 1 hadi 5, kwa hiyo mlango aliouingilia fangasi ndio huohuo niliotaka dawa iupitie.

Polima niliyotumia ni PLGA, ambayo maji ya mwilini huivunja ikawa asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, na ambayo wapasuaji wameizoea katika nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe. Polima na dawa huyeyushwa katika diklorometani, kiyeyushi kinachovukiza haraka, mchanganyiko ukamiminwa kwenye maji yenye polivinili alkoholi, inayozuia matone yasiungane, huku mashine ikikoroga kwa kasi, kisha diklorometani huachwa ivukize mpaka matone yagande.

Nilianza na dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli kwa sababu hupatikana kwa urahisi. Vitufe vilitoka vizuri, lakini nilipopima nilikuta sehemu kubwa ya dawa imebaki katika maji niliyokuwa nikiyamwaga. Flukonazoli huyeyuka majini kiasi cha kutosha, na kwa kuwa maji yalikuwa mengi mara nyingi kuliko diklorometani, dawa ilitoroka kabla kitufe hakijaganda. Nikahamia itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi, ambayo karibu haiyeyuki kabisa majini; tabia hiyo inayowalazimu wagonjwa kumeza kapsuli zake pamoja na chakula ndiyo iliyonisaidia.

Kisha nikazidisha dawa, na chini ya darubini nikaona kando ya vitufe sindano nyembamba zinazong'aa, ambazo ni fuwele za itrakonazoli iliyokosa nafasi ndani. Kipimo cha maabara huzihesabu sindano hizo kana kwamba ni dawa iliyofungiwa, na ndiyo maana tangu siku hiyo sijaamini tarakimu yoyote kabla ya kutazama darubini. Nilipunguza dawa hatua kwa hatua hadi zikatoweka.

Kilichoniumiza zaidi ni ukaushaji. Niliweka vitufe kwenye tanuri kwa nyuzi joto 50 usiku kucha, na asubuhi nikabandua utando mmoja mgumu, kazi ya wiki nzima. Fundi sanifu wetu aliugeuzageuza mkononi akaniambia, "Mwanangu, polima hii hulainika kwenye nyuzi joto 45 hivi, ukiipasha zaidi ya hapo, vitufe vinashikana." Alinifundisha kuviosha mara tatu ili kuondoa polivinili alkoholi, kuvigandisha, kisha kuivuta barafu kwa ombwe bila kuvipasha moto.

Safari hiyo nilipata unga mweupe uliotiririka chupa ilipoinamishwa, na vitufe vingi vilikuwa na maikromita 2 hadi 4, kila kimoja peke yake. Nilivitia katika kimiminika chenye nyuzi joto 37, nikaongeza sabuni kidogo ya maabara ili itrakonazoli inayotoka iweze kuyeyuka, na siku ya 14 dawa ilikuwa bado inatoka. Sasa ninaandaa makrofaji za kulishwa vitufe hivyo.