FT8 nikiwa Tanga: kipimo kijani, sauti mbovu

Kipimo cha sauti pembeni mwa dirisha la WSJT-X, programu ya kompyuta inayosoma na kutuma ujumbe wa redio wa FT8, kilikuwa kijani, kimetulia kwenye 30, palepale mwongozo unapotaka kisimame redio ikiwa inasikia kelele tupu za angani. Hata hivyo vituo nilivyokuwa nang'amua vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, na ilikuwa jioni, wakati ambapo 14.074 MHz, masafa ya FT8, kwetu pwani hufurika vituo vya Ulaya. Anayetazama rangi ya kijani peke yake ataanza kuilaumu antena, au jua, au Mungu. Mimi antena niliiacha, kwa sababu nikivaa hedifoni na kuichomeka moja kwa moja kwenye redio nilisikia milio imejaa tele, safi kabisa. Kama sikio linasikia na kompyuta haisikii, ubovu uko njiani kati yao.

Kituo changu ni cha kawaida. Kipo Sahare: redio ya wati 100 ya enzi ambazo tundu la USB halikuwepo, na waya wa takribani mita 10 uliofungwa kati ya minazi miwili, kebo ikiingilia katikati. Laptop ya kwanza tundu lake la sauti lililiwa na kutu (chumvi ya huku haichagui bei ya kifaa), nikanunua kadi ya sauti ya USB, ile ndogo ya bei rahisi inayouzwa na chaja na makava ya simu. Shida ilianza siku ilipoingia hiyo kadi.

Kwa asiyeijua FT8: ni namna ya kutuma ujumbe mfupi kwa milio minane, mmoja kwa wakati, kila mlio ukiachana na jirani yake kwa hezi 6.25. Ujumbe wote unakaa kwenye upana wa hezi 50 na kutumwa kwa sekunde 12.64, ndani ya zamu za sekunde 15. Ilitoka 2017, kazi ya Steve Franke na Joe Taylor, huyo Taylor akiwa ndiye aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse. Programu inaweza kusoma ishara dhaifu kuliko sikio linavyoweza kutambua. Ila inataka sauti ambayo haijaguswa. Ukiikata vilele tu, milio inazaana, na programu inabaki kutafuta ukweli katikati ya vivuli.

Vivuli hivyo nilikuwa naviona. Kituo chenye nguvu kikianza kutuma, kwenye watafoli (picha ya programu inayochora kila mlio unaoingia kama mstari) palichorwa mstari wake halisi, halafu mistari mingine hafifu kulia na kushoto, na ardhi yote ya nyuma ikang'aa. Kikinyamaza, yote yanapotea pamoja. Hiyo ni dalili ya sauti kuzidiwa mahali fulani. Swali lilikuwa ni wapi, maana kipimo cha programu kinasema 30.

Sauti ya kuingia inapita kwenye koki kadhaa zilizofuatana katika bomba moja: redio yenyewe, waya, tundu la kadi pamoja na boosti yake (kikuza sauti cha ndani), slaida ya mfumo wa kompyuta, kisha programu. Kipimo kiko mwisho kabisa. Sauti ikishaharibika kwenye koki ya pili, ukiipunguza kwenye ya nne utapata namba nzuri ya sauti mbovu. Kwa hiyo nilianza kutokea redioni kwenda mbele.

Jaribio la kwanza ni la bure. Chomoa antena, tazama kipimo. Kelele za angani zikiondoka, namba inatakiwa ishuke vizuri. Yangu ilishuka kidogo mno, ikabaki na mngurumo ambao kwenye watafoli ulionekana kama nguzo zilizosimama upande wa chini, kila hezi 50 au 100. Huo ni umeme wa nyumbani unaopita kwenye waya wa sauti. Jaribio la pili: rudisha antena, kisha punguza kwa mkono nguvu ya kupokea kwenye redio yenyewe. Nilipofanya hivyo vivuli vilitoweka na vituo vilivyong'amuliwa vikaongezeka, ingawa namba ilishuka chini ya 30. Hapo nilijua: tundu la kadi lilikuwa linazidiwa kabla slaida yoyote haijafikiwa.

Sababu yake haina miujiza. Tundu la zile kadi ndogo limetengenezwa kwa ajili ya maiki, linategemea millivolti chache, na tena lenyewe linatoa volti kidogo za kuilisha maiki. Mimi nilikuwa nalipelekea sauti ya kiwango cha spika. Juu ya hapo, mfumo wa kompyuta ulikuwa umewasha boosti ya maiki ya desibeli 20 bila kuulizwa.

Boosti niliizima. Kwenye mipangilio hiyohiyo nikakuta "maboresho" ya sauti yamewashwa: kuondoa kelele, kusawazisha sauti, kuondoa mwangwi. Haya ni mazuri kwa mtu anayeongea na shangazi yake kwa video. Kwa FT8 ni sumu, kwa sababu kiondoa kelele kikisikia mlio ulionyooka usiobadilika huuona kama feni na kuufuta. Zima yote. Hata ukidhani moja halina madhara, zima.

Mngurumo ulinipeleka Ngamiani kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na amplifaya tangu sijazaliwa. Nilimsalimu, nikamweleza. Hakutaka hata kuiona kompyuta.

"Mwanangu, hivi vyombo viwili vimeshikana ardhi mara mbili," alisema. "Vitenganishe."

Akafungua boksi la makapi, akatoa modemu ya zamani, ya wakati ule intaneti ilipopita kwenye waya wa simu. Ndani yake kuna transfoma ndogo ya om 600 kwa 600, iliyowekwa ili kuutenga mkondo wa simu na kompyuta. Sauti inavuka kwa sumaku, waya haugusani. Akanichomolea.

"Shilingi ngapi, mzee?"

"Nyingine ukiiona popote, niletee."

Nyumbani nikaiunga kati ya redio na kadi. Mbele yake nikaweka vipinga viwili, kilo-om 10 mfululizo na kilo-om 1 kwenda ardhini, ambavyo hubakiza sehemu moja kati ya kumi na moja ya sauti, yaani punguzo la karibu desibeli 21. Kapasita moja ikazuia zile volti za maiki zisirudi kwenye transfoma. Nguzo za 50 na 100 zikafa karibu zote. Slaida ya mfumo nikaipandisha hadi kelele tupu zikasoma 30 kwa mara nyingine, na safari hii dirisha la ujumbe likajaa mpaka likawa linakimbia.

Saa ya kompyuta niliikagua pia, kwa kuwa ikipishana na wakati halisi kwa zaidi ya sekunde moja hivi FT8 inaanza kukukatalia. Yangu ilikuwa sawa.

Upande wa kutuma ndio wenye majungu mengi, na ndio unaowaudhi wengine. Ukipokea vibaya unajiumiza mwenyewe; ukituma vibaya unamwaga uchafu juu ya vituo vya watu. Siamini sindano ya wati. Sindano itakuonyesha 100 na wewe ukafurahi, huku nusu ya furaha hiyo ni milio ya uongo. Fikiria mlio wako uko hezi 700. Sauti ikizidi, kunazaliwa 1400 na 2100, zote ndani ya upana ambao redio inaupitisha, na zote zinaruka angani. Mtu wa mbali anakuona mara tatu.

Njia yangu: slaida ya mfumo niliiweka katikati na kuiacha hapo, ingizo la sauti la redio nikaliweka chini, kisha slaida ya Pwr (nguvu ya kutuma) ndani ya WSJT-X nikaivuta hadi chini kabisa na kubonyeza Tune, kitufe cha kutuma mlio wa majaribio, redio ikiwa imefungwa kwenye mzigo bandia, kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena. Nikawa napandisha polepole huku jicho liko kwenye kipimo cha ALC, kidhibiti cha redio kinachoibana sauti ikizidi. Pale ALC ilipoanza kutikisika, nilirudi nyuma hadi ikatulia kabisa. Kuna wanaosema ALC kidogo haina neno, na kwa redio nyingine labda wana haki. Kwangu mimi, sitaki ione chochote. Ikapatikana wati 35 hivi, na zinatosha. FT8 inatuma kwa nguvu ileile sekunde zote 12.64, na joto la Tanga la Februari halihitaji msaada wa redio.

Kisha nikawasha Split kwa chaguo la Fake It. Hii inataka kompyuta iwe inaiongoza redio kwa kebo, lakini faida yake ni kubwa: programu inasogeza masafa ya redio ili sauti yenyewe ibaki kati ya hezi 1500 na 2000. Pacha wa mlio wa 1500 ni 3000, na hapo chujio la redio nyingi linamzuia mlangoni.

Kujithibitishia, nilijisikiliza kutoka Uholanzi. Chuo Kikuu cha Twente kina redio ya kupokea iliyo wazi kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuielekeza anapotaka. Saa tatu usiku, anga likiwa wazi kuelekea kaskazini, niliita CQ (wito kwa kituo chochote) nikiwa na KI94, ambayo ni kisanduku cha Tanga kwenye ramani ya wanaredio, nikatafuta mstari wangu kwenye watafoli yao. Ulikuwa mmoja, mwembamba. Nikapandisha Pwr kwa makusudi kwa zamu moja, kwenye kona iliyokuwa tupu. Kadi na ingizo la redio vilistahimili zaidi ya nilivyotegemea, lakini kivuli cha kwanza kilijitokeza. Nikarudisha haraka.

Kilichobaki ni kwamba nikituma kwenye bendi ya mita 15, kadi ya USB ilikuwa inapotea na kurudi. Mawimbi yangu mwenyewe yalikuwa yanapanda juu ya kebo. Zile pete nene nyeusi zilizo kwenye kebo za skrini za zamani ni feraiti. Nilikata mbili, nikapitisha kebo ya USB ndani yake mizunguko kadhaa, upande wa kadi. Haijapotea tena.

Wati hazibaki sawa ukihama bendi, kwa sababu antena inabadilika tabia na redio pia. Kwenye mipangilio ya sauti ya WSJT-X kuna visanduku vya kukumbuka nguvu kwa kila bendi, kimoja cha kutuma na kimoja cha Tune. Tia alama vyote viwili, kisha rudia zoezi la ALC bendi moja baada ya nyingine. Na kila mfumo wa kompyuta unapojisasisha, kabla ya kugusa kitu kingine, kaangalie kama boosti ya maiki imejiwasha tena. Yangu imeshajiwasha.