Siku moja maishani mwangu: kuchagua vipokezi vya seli T

Saa mbili asubuhi nafungua inkubeta, nazitazama seli zangu kwa hadubini, nazibadilishia chakula na kuzirudisha kwenye nyuzi joto 37.

Watu wakisikia kwamba natafuta vipokezi vya kutibu saratani, yaani protini ambazo seli T, askari wa kinga ya mwili, hutumia kumtambua adui, hudhani natafuta kilicho kikali kuliko vyote, ilhali sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukataa. Kipokezi huona kipande kifupi tu cha protini, mara nyingi chenye asidi amino 9 (vijenzi vya protini, ambavyo viko vya aina 20), kilichoshikiliwa na HLA, molekuli inayovionyesha vipande hivyo juu ya seli. Kipande kinachofanana nacho kikiwapo kwenye kiungo chenye afya, nacho kitashambuliwa. Mwaka 2013 zilichapishwa taarifa za wagonjwa wawili waliofariki kwa kuharibika moyo, baada ya kupewa seli zenye kipokezi kilichoongezewa nguvu dhidi ya MAGE-A3, protini ya seli za saratani, ambacho kumbe kilitambua pia titini, protini ya misuli ya moyo. Hatari hiyo ilidhihirika kwenye seli za moyo zinazodunda, si kwenye seli za kawaida za maabara. Sisahau habari hiyo hata siku moja.

Saa nne mashine ya kuchambua seli kwa leza inaziba, na usafishaji unakula saa mbili nzima.

Mchana ndio mzito. Kila nafasi kati ya zile 9 hubadilishwa kwa asidi amino 19 zilizobaki, hivyo kipokezi kimoja hudai peptidi (vipande vifupi vya protini) 171, na leo napima interferoni gama, kemikali ambayo seli T hutoa zikiamshwa, iliyotolewa na seli nilizozichanganya nazo jana. Natia matone kisima baada ya kisima, vile vishimo vya sahani ya maabara, kila kimoja na peptidi yake, bila kuzungumza na mtu, kwa kuwa nikiruka kimoja safu nzima imeharibika, na kidole gumba kimeanza kufa ganzi. Jua limeshaelekea kuzama rangi ya buluu inapojitokeza. Natia asidi, inageuka njano: kila kisima cha njano ni peptidi iliyoamsha seli. Kipokezi namba 14, tulichokipenda kwa miezi minne kwa sababu huamshwa na peptidi kidogo mno, kimegeuza njano karibu visima vyote vya nafasi ya 4 na ya 6, yaani hakijali ni asidi amino gani iko hapo. Naitafuta ruwaza hiyo katika orodha ya protini za binadamu, na vipande vinavyolingana vinatoka vingi, kimojawapo cha protini ya ini.

Naandika "kimekataliwa" daftarini, mkono mzito. Namba 9 ni dhaifu zaidi, lakini visima vyake vya njano ni vichache. Naziyeyusha seli za moyo zilizogandishwa kwa ajili yake kabla ya kuzima taa.