Siku Moja Kati ya Kirua na Old Moshi: Kazi ya Kuwatembeza Wageni Vijijini

Watu wa Moshi wakisikia unaongoza watalii, swali la kwanza ni njia ya kupanda Kilimanjaro: Marangu, Machame au Umbwe? Nikisema mimi siwapandishi kileleni, nawatembeza kijiji kwa kijiji kwenye migomba na kahawa, uso wa anayeuliza unabadilika. "Kumbe mnatembea tu." Shangazi yangu bado ananiuliza nitapata lini kazi ya mlimani yenyewe. Basi naandika siku moja, ya tatu katika safari ya siku tano kutoka Marangu hadi Kibosho, niliyoifanya Oktoba hii na wageni wanne.

Saa 11 alfajiri. Nimelala Kirua, chumba kimoja na binti wa mwenyeji wetu. Kabla sijanawa uso niko kwenye simu. Nampigia dereva wa Noah inayobeba mabegi. Nampigia mama atakayetupikia mchana. Kisha nampigia kijana mmoja anayekaa karibu na korongo la kwanza, maana usiku mvua ya vuli imenyesha na nataka kujua kama magogo ya kuvukia bado yapo. Yapo, akasema. "Lakini dada, njia ya chini leo msipite. Yule babu wa kihamba cha kwenye mfongo alifariki juzi. Wanazika leo saa 8 mchana."

Kihamba ni shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, na mfongo ni mfereji wa maji. Nikakaa kitandani nikaipanga siku upya.

Saa 1 asubuhi. Chai, mayai, ndizi za kuchemsha, parachichi. Nikajaza chupa za maji, nikakagua miguu ya wageni kama kuna malengelenge, nikamlipa mwenyeji. Saa 2 tukaondoka.

Asiyezijua sehemu hizi ataangalia ramani aone Kirua na Old Moshi ni majirani. Ni majirani kwa ndege. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro umekatwakatwa na mito inayotoka msituni, na kati ya mgongo mmoja na mwingine kuna korongo. Barabara nyingi za magari zinafuata migongo kupanda na kushuka, kwa hiyo dereva wetu anateremka mpaka lami ya Moshi–Himo, anasogea, halafu anapanda tena. Sisi tunashuka korongoni, tunavuka, tunapanda, tunashuka tena. Nimewahi kuongoza watu waliotoka kusimama Uhuru, mita 5,895, wakaniambia magoti yao hayajawahi kuuma kama huku kwenye migomba.

Saa mbili za kwanza zilikuwa nzuri sana. Mawingu yalikuwa yamefunguka na kilele cha Kibo kimeonekana chote. Ni msimu wa kahawa. Kila boma lina kichanja cha kuanikia, na watoto wanachambua punje mbovu kabla ya kwenda shule. Huwa nawasimamisha wageni chini ya mti wa mringaringa nawaonyesha jinsi kihamba kimoja kinavyobeba vitu vinne kwa pamoja: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na magimbi chini kabisa. Maji yanakuja kwa mfongo uliochimbwa na mababu kwa mikono, na zamu za maji bado zinagawanywa na wazee. Wageni wakielewa hilo wanaacha kuuliza shamba liko wapi. Wako ndani yake.

Na hapa ndipo watu wengi hawaielewi kazi yangu. Njia tunazopita ni mipaka ya vihamba vya watu, mimea ya masale imepandwa huku na huku. Kwa Wachagga isale ndilo mpaka, na ndilo analobeba mtu anapokwenda kuomba msamaha. Hakuna kibao wala geti. Tunapita kwa sababu wenye vihamba wanatujua na wamekubali tupite.

Saa 4 kasorobo tukafika njia panda. Kushoto njia inashuka moja kwa moja hadi kwa yule babu, inapita kati ya nyumba na zizi, inafuata mfongo mpaka korongoni. Kulia inapanda kuelekea msitu wa Nusu Maili. Nikawakusanya wageni, nikawaeleza kuna mazishi, tutazunguka kwa juu, itatuongezea kama saa mbili. Watatu wakaitikia. Wa nne, mzee mstaafu kutoka Ufaransa aliyekuja na mkewe, akatoa simu yenye ramani, na kwenye ramani kuna mstari. "Njia ni hii," akasema. "Dakika 40. Kwa nini tuzunguke?"

Nikarudia. Akasema tutapita kimya, hatutapiga picha. Nikamwambia turubai limefungwa juu ya njia yenyewe na viti vimepangwa pale anapotaka kukanyaga. Kaburi linachimbwa hatua chache kutoka hapo, kwa sababu huku mtu anazikwa kwenye kihamba chake, karibu na baba yake. Watu watasimama kutupisha. Wazee watatukaribisha, kwani mgeni hapiti bila kukaribishwa hata siku ya msiba. Tukikaa tunakula chakula cha waombolezaji. Tukikataa tumewadharau mbele ya marehemu. Na mimi nitarudi hapo mwezi ujao nikiwa na wageni wengine, niombe tena njia.

Akasema yeye si mgeni wa kutembea. Kwao, katika mkoa wa Alsace, ametembea kijiji hadi kijiji katikati ya mizabibu, Ribeauvillé, Hunawihr, Riquewihr, na alama zote zimewekwa na Club Vosgien, chama kilichoanzishwa mwaka 1872. Unafuata alama, unafika hotelini, begi lako liko chumbani, jioni unakunywa mvinyo wa shamba ulilolipita mchana. Hakuna aliyewahi kumzuia. Akanionyesha picha moja baada ya nyingine. Nilizitazama zote, kwa sababu ni nchi nzuri kweli na kwa sababu natamani njia zetu nazo siku moja ziwe na alama zilizotunzwa hivyo. Lakini hata tukiziweka, itabidi awepo mtu wa kujua nani amefiwa.

Tulisimama pale muda mrefu. Wakati wote huo watu walikuwa wanatupita kwenda msibani, akina mama na khanga zao, mmoja na sufuria, mwingine na mkungu wa ndizi kichwani. Kila mmoja anasalimia, "Shimbonyi," nami naitikia na kutoa pole, kisha namgeukia mzee na kuendelea kumjibu kwa sauti ileile ya upole. Huo ndio uchovu ambao hauonekani kwenye picha. Mama wa mkungu akasimama. "Wanataka nini wageni wako?"

"Wanapumzika, mama."

Akawaangalia, akaiangalia ile simu. "Wapitishe juu, mwanangu."

Mzee akasema basi atapiga ofisini mjini, adai kurudishiwa fedha ya siku hiyo. Ni haki yake, nikamtajia namba. Alikuwa ameanza kuibonyeza mkewe alipozungumza, kwa mara ya kwanza tangu tusimame. Akamkumbusha kwamba hata kwao Alsace, wakati wa kuvuna zabibu, njia za mashambani hufungwa kwa watembeaji ili wavunaji wafanye kazi. Kwamba wao wawili wamewahi kukuta zimefungwa wakageuka bila kumuuliza mtu yeyote sababu. Hakumjibu. Akatia simu mfukoni, akatangulia kupanda, haraka kuliko nilivyotaka.

Tukapanda mpaka ukingo wa Nusu Maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani. Tukapishana na akina mama wakishuka na mizigo ya nyasi za ng'ombe wa ndani, mizito kuliko begi lolote la mgeni. Kijana mmoja katika kundi letu akauliza kwa nini tusikate ndani ya msitu. Kule juu ni hifadhi, nikamwambia, kuingia kuna kibali na malipo yake, na mimi leo sina.

Kisha mvua ikaja, na kuanzia hapo sikuangalia tena saa.

Wanaopajua wanajua udongo wa korongo ukilowa unavyokuwa. Mgeni mwingine, mama wa miaka 60 na zaidi, goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua tangu siku ya Kilema, na kule kuzunguka kukalimaliza. Nilitangulia nikichimba vikanyagio kwa panga. Halafu nikawa nashuka kinyumenyume mbele yake, kila hatua naweka kiganja chini ya buti lake mpaka likamate. Mteremko wote. Aliniomba radhi kila mara, nami nikamwambia tusizungumze, tupumue tu. Kule chini magogo yalikuwa yanateleza, nikawavusha mmoja mmoja nimeshika mkono, maji yakinipiga magotini. Yule mzee wa simu nilimvusha pia. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, akanishika kwa nguvu, hakusema kitu. Tukapanda upande wa pili. Kisha kulikuwa na korongo jingine.

Wagumu wa mlimani, yaani wapagazi, ni ndugu zangu, na mzigo wao ni mzito kuliko wangu. Siwezi kujilinganisha nao. Ila nataka ieleweke kwamba mtu anayeshuka kinyumenyume kwenye tope, ameshikilia mguu wa mtu mwingine, tangu asubuhi amekunywa chai tu, hajaenda kutembea tu.

Chakula cha mchana tumekila saa 9 na nusu. Mama mwenyeji alikuwa ametutegemea saa 7, akaupasha moto mtori mara ya pili na ya tatu. Nilipoanza kujieleza akanikatiza: msiba alishausikia, alijua tutazunguka kwa juu. Habari huku inatembea kuliko sisi. Alishatutengea maji ya moto ya kunawa miguu. Nikamwambia, "Aika mae," asante mama, na nikala bakuli mbili bila kuinua kichwa.

Kilichoniuma ni Tsuduni. Pale ndipo Wajerumani walipomnyonga mtini Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, na viongozi wengine mwezi Machi 1900, na huwa napenda wageni wakae chini ya ule mti walau nusu saa. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka yote hii. Ni jambo la kusimulia taratibu. Tulifika giza linakaribia, wageni wamelowa. Nikasimulia kwa dakika chache nikiwa nimesimama, nikawaambia waliobaki na nguvu waje nami kesho asubuhi kabla ya chai. Mkewe yule mzee akasema atakuja.

Kisha simu ya dereva. Noah imekwama kwenye kilima juu ya Kiboriloni, tairi zinazunguka tu. Mabegi manne, na wageni wote wanatetemeka. Nikawafikisha kwa wenyeji wetu, nikaomba mashuka na khanga kavu wajifunge, nikatafuta vijana watatu na bodaboda wawili, tukateremka. Mabegi mawili yalipanda kwa pikipiki, mawili kwa bega. Moja nililibeba mimi, kwani vijana wawili walibaki kumsaidia dereva kusukuma. Nilipofika na lile la mwisho, kila mtu ameshaoga.

Jioni mwenye nyumba alileta mbege, pombe yetu ya ndizi. Akaonja kwanza, kama ilivyo desturi, kisha kata ikazunguka. Wageni waliuliza maswali mengi: ndizi mbivu zinachemshwa muda gani, ulezi unaoteshwa vipi, gome la msesewe linatia uchungu kiasi gani. Hapo yule mzee akachangamka. Alinusa kwanza, akanywa kidogo kidogo, akauliza kama mbege ya Kirua ina ladha tofauti na ya Old Moshi. Mwenye nyumba akamjibu kwa saa nzima, nami natafsiri, macho yananifunga.

Walipolala nikafungua daftari. Malazi ya Kirua, nimelipa. Mama wa mtori, nimelipa. Alikataa nyongeza ya kuchelewa, nikamwachia mtoto wake hela ya daftari. Vijana watatu, bodaboda wawili, nimelipa. Kijana wa korongoni aliyenipa habari ya msiba, nimemtumia kwa simu. Rambirambi ya yule babu wa mfongo, nimetuma kwa mwanawe, kutoka mfuko wangu, maana nimepita kwake mara nyingi na hakuwahi kunidai kitu. Mtu akiniuliza safari hii inamsaidia nani, hayo ndiyo majina ninayoweza kumtajia, nyumba kwa nyumba, na hakuna hata moja lililo mbali na njia tuliyopita.

Mlango ukagongwa. Yule mzee, amejifunga khanga ya mwenye nyumba, anauliza kesho tunaondoka saa ngapi kwenda Uru na kwa njia ipi. Nikamwambia saa 2. Njia nitawaambia wakati wa chai, nikishaongea na watu wa Uru. Akasema sawa.