Kabla ya Kununua Pedi, Pima Disiki

Wenye magari ya zamani hapa Mbeya tumezoea kuzungumzia breki kana kwamba ni pedi peke yake. Gari likianza kulia kwenye tairi za mbele, tunakwenda Mwanjelwa kununua seti moja, fundi anafungua tairi, anatoa pedi zilizokwisha na kupachika mpya, na kabla ya mchana mwenye gari ameshalipa na kuondoka. Disiki yenyewe, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, huangaliwa kwa jicho, hupapaswa kwa kidole na kusamehewa. Hivi karibuni nilibadilisha vyote viwili kwa pamoja kwenye Toyota Corolla yangu ya mwaka 1998, na ninapenda kueleza kwa nini naamini kwamba, kwa gari linalofanya kazi katika nyanda hizi za juu, swali la kwanza linapaswa kuihusu disiki.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Katika mji wa tambarare joto hilo huja kidogo kidogo, kwenye taa za barabarani na kwenye matuta, na disiki hupata muda wa kupoa. Kwetu mambo ni tofauti. Anayetoka Mbeya kwenda Kyela hupita Uyole na kupanda hadi Isongole, kisha huteremka kupitia Kiwira na Tukuyu mpaka kwenye uwanda wa Ziwa Nyasa, ulio takriban mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700. Anayekwenda Dar es Salaam ana mteremko wa Kitonga mbele yake. Gari la kilo 1,100 linaposhuka mita 1,000 za kimo, nishati inayolazimika kwenda mahali fulani inatosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji ya bomba. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, na nyingine huchukuliwa na injini iwapo dereva yuko kwenye gia. Inayobaki huingia kwenye breki, na breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa, kwa sababu uzito wa gari huegemea mbele kila linapopunguza mwendo.

Hapo ndipo unene wa disiki unapokuwa na maana. Disiki ni ghala la joto: chuma kikiwa kingi, joto lile lile hukiongezea nyuzi pungufu. Disiki za mbele za gari langu ni za aina yenye matundu ya hewa katikati, yaani sahani mbili zilizounganishwa kwa kuta nyembamba. Zikiwa mpya huwa na unene wa milimita 22, na kikomo cha chini, ambacho kwa kawaida hupigwa chapa kwenye ukingo au kwenye kofia ya disiki, ni milimita 20. Ya kulia ilikuwa imefika 19.3. Mtu anaweza kudhani kwamba milimita 2.7 kati ya 22 si jambo kubwa, lakini sehemu ya ile 22 ni hewa tupu ya katikati, na kilicholiwa chote kimetoka kwenye chuma chenyewe.

Fundi ninayemtumia ni kijana makini, ila naye aliitazama disiki ile na kusema, "Mwalimu, hii bado inadai." Nilimpa vernia, kile kipimo cha unene chenye taya mbili, nikamwomba aisome mwenyewe. Alipata 21 na ushei, akanirudishia huku anatabasamu. Tatizo ni kwamba pedi haifiki hadi kwenye ukingo wa nje kabisa wa disiki, kwa hiyo ukingo hubaki mnene na kuwa kama ugwe, na vernia ikikamata ugwe huo hukupa unene wa zamani. Dawa yake ni sarafu mbili zinazolingana: unaweka moja kila upande wa disiki, ndani ya ugwe, unapima vyote kwa pamoja, halafu unatoa unene wa sarafu. Aliposoma mara ya pili hakusema neno, alichukua nyundo.

Alihitaji nyundo kwa sababu disiki ya gari lililokaa miaka mingi kwenye mvua za Rungwe huwa imeshikana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa kutu. Hata hivyo, nyundo si njia ya kwanza. Disiki nyingi za Toyota zina matundu mawili madogo yenye ngazi za skrubu, ambayo wengi hudhani ni ya kupunguza uzito. Ukiingiza bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, zinaisukuma disiki kutoka kwenye habu bila kuumiza beringi. Yangu iliachia kwa mlio mkali, nikaona uso wa habu umejaa magamba ya kutu.

Magamba hayo yanastahili muda kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Usukani unapotetemeka wakati wa kushika breki, watu husema disiki imepinda, wanaipeleka kukerezwa, na baada ya miezi michache mtetemeko unarudi. Mara nyingi disiki haikupinda. Ilifungwa juu ya kutu, ikakaa upande kidogo sana, ikawa inaigusa pedi sehemu moja katika kila mzunguko hadi unene wake ukatofautiana. Gamba ambalo jicho halilioni linatosha kuanzisha hali hiyo. Kwa hiyo tulisugua habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa, kisha tukaosha disiki mpya kwa maji ya moto na sabuni na kuzikausha mara moja, kwa kuwa hutoka kiwandani zikiwa na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yakiingia kwenye pedi huziharibu. Kuhusu kukereza disiki za zamani, msimamo wangu ni mfupi: disiki iliyokaribia kikomo haina chuma cha kutoa sadaka.

Mengine ni ya kawaida, ingawa yana mahali pa kukosea. Kalipa, kile kifaa chenye pistoni kinachobana pedi, haininginizwi kwa hozi yake. Hufungwa kwa waya kwenye springi. Pistoni hurudishwa ndani polepole kwa klampu, huku mtu mwingine akitazama kopo la mafuta ya breki lisifurike, kwani mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake hufutwa na kupakwa grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi, ambayo ndiyo iliyokuwa mkononi mwa fundi, huvimbisha mipira ya pini hadi zinakwama, na pini ikikwama pedi ya ndani huisha ilhali ya nje ni nzima. Nilipozitoa pedi za kushoto nilikuta hali hiyo hiyo: ya nje ilikuwa na karibu milimita 6, ya ndani ilikuwa imebaki chini ya 2. Anayechungulia kupitia matundu ya rimu huona ya nje tu, kisha hurudi nyumbani akiwa na amani. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa sababu pedi nyingine, hasa za zamani au zisizojulikana zilikotoka, zinaweza kuwa na asbesto. Kitambaa kilicholoweshwa kinatosha.

Mafuta ya breki yanahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu mteremko mrefu huyafichua. Haya tunayotumia hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Kwa viwango vya kimataifa, mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mguu wa dereva huzama hadi chini bila gari kushikika. Disiki nyembamba na mafuta ya zamani husaidiana katika uharibifu huo. Kwa kuwa magurudumu yalikuwa tayari yamefunguliwa, tulibadilisha mafuta yote kwa DOT 4 na kutoa upepo, tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, mpaka mapovu yakaisha kwenye mpira.

Nati za magurudumu zilikazwa kwa spana ya kupimia nguvu hadi nyuton-mita 103, baada ya gari kushushwa chini. Kisha pedeli hukanyagwa mara kadhaa gari likiwa limesimama, kwa sababu pistoni zimerudishwa ndani na mkanyago wa kwanza hauna kitu. Baada ya hapo pedi na disiki zinahitaji kuzoeana. Nilichagua kipande cha barabara kisicho na magari mengi upande wa Igawilo asubuhi na mapema, nikawa napunguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, kwa nguvu ya kadiri, bila kusimama kabisa, nikiacha zipoe katikati ya zamu. Kusimama na kukanyaga wakati disiki ni ya moto huacha alama ya pedi juu yake, nayo huleta mtetemeko ule ule tuliokuwa tunaukimbia. Harufu ya kuungua kidogo siku hiyo ya kwanza ni ya kawaida.

Liko jambo ambalo spea haiwezi kulitatua, nalo ni desturi ya kuteremka bila gia kwa imani kwamba unaokoa mafuta. Gari lenye injini ya EFI, yaani inayopulizia mafuta kwa mfumo wa kielektroniki, likiteremka kwenye gia huku mguu umetoka kwenye kiongeza mwendo, hukata mafuta kabisa mwendo unapokuwa wa kutosha. Likiachwa huru, injini inaendelea kunywa ili isizime. Kwa hiyo anayeachia gia kule Isongole anachoma mafuta zaidi na anazibebesha disiki kazi yote. Mimi hushuka kwa gia ya tatu, mara nyingine ya pili, na hugusa breki kwa nguvu na kuachia, badala ya kuziegemea mfululizo.

Breki za nyuma, ambazo ni za dramu, zilifunguliwa siku hiyo hiyo. Bitana za viatu vyake bado zina zaidi ya milimita 3, na silinda hazivuji, hivyo zimefungwa tena kama zilivyokuwa.