Upele wa Nyumba Nzima

Tulikuwa tukiishi Tandika, katika vyumba viwili vya kupanga, mwaka aliozaliwa mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa bado hajaweza kukaa alipoanza kutokwa na vipele, na kwa kuwa ilikuwa Februari, mwezi ambao Dar es Salaam haipoi hata usiku, kila jirani aliyemwona alisema ni harara. Mama alimwogesha kwa maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, akampaka poda, akamlaza bila nguo. Muuzaji wa duka la dawa akampa krimu ambayo kwa siku chache ilivipunguza vipele, kisha vikarudi vingi zaidi na kupanda hadi kichwani. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba krimu za namna hiyo, zenye steroidi, hutuliza mwasho na uvimbe bila kumuua mdudu anayeleta upele, kwa hiyo humchanganya hata mtaalamu atakayemchunguza mtoto baadaye.

Wakati huohuo sisi wakubwa nasi tulikuwa tukijikuna, ila kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mimi nililaumu mbu, kaka yangu alilaumu sabuni ya kufulia, na yule anayenifuata, aliyekuwa na vidonda matakoni, aliambiwa ni adhabu ya kushinda mchangani. Hakuna aliyeyaunganisha hayo na kilio cha mtoto.

Tabibu wa zahanati alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Mama alipomwamkia na kuanza kueleza habari za joto, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaigeuza miguu ya mtoto na kutuonyesha vilengelenge vidogo kwenye nyayo, na vingine viganjani.

"Harara haikai hapa, mama," alisema. "Usiku analala?"

"Halali, daktari. Mchana anapata nafuu, lakini usiku ni kilio mpaka alfajiri."

"Na nyumbani nani mwingine anajikuna?"

Mama alinitazama mimi, niliyekuwa nimeficha mikono nyuma. Tabibu aliivuta, akaitanua vidole na kumulika tochi katikati yake, ambapo palikuwa na mstari mfupi uliopinda, mwembamba kama alama ya kalamu ya risasi. Alitueleza kwamba huo ni upele, na kwamba mstari ule ni njia anayoichimba mdudu jike, mdogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho, katika tabaka la juu la ngozi, akitaga humo mayai mawili au matatu kwa siku. Kwa watu wazima hupendelea katikati ya vidole, vifundo vya mikono, makwapa, kiuno na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga haachi nyayo, uso wala kichwa.

Mama aliona aibu, akaanza kuapa kwamba watoto wake huoga kila siku. Tabibu alimkatiza kwa upole, akasema maji na sabuni havimtoi mdudu aliyekwisha kuingia ndani ya ngozi, na kwamba alichotaka kujua si tunaogaje bali tunalalaje. Hapo ndipo alipotajwa binamu yetu wa Kibiti, ambaye wakati wa likizo ya Desemba alilala nasi kwenye godoro moja huku akijikuna. Alikuwa amekwisha kuondoka muda mrefu kabla yetu kuanza kuwashwa, na ndiyo maana hatukumfikiria. Mtu ambaye hajawahi kupata upele huweza kukaa wiki nne hadi sita kabla mwasho haujaanza.

"Na baba yao?" aliuliza tabibu. Mama alisema baba hana tatizo lolote. Jioni ile baba alikiri, akitazama ukutani, kwamba alikuwa akiwashwa kiunoni na mahali pengine ambapo hakupataja mbele yetu.

Tulipakwa dawa sote siku moja, hata dada mmoja ambaye hakuwa na kipele. Sisi tulipakwa benzili benzoeti kuanzia shingoni hadi kwenye vidole vya miguu, nayo ilichoma penye mikwaruzo kiasi kwamba kaka alitoka mbio uani. Mtoto alipakwa marhamu ya salfa hadi kichwani, akavishwa soksi mikononi asije akailamba. Shuka na nguo zilifuliwa kwa maji ya moto, zikaanikwa juani na kupigwa pasi ya mkaa; visivyofulika vilifungwa ndani ya mifuko kwa siku kadhaa, kwa sababu mdudu huyo akikosa mwili wa mtu hufa baada ya siku mbili au tatu.

Mwasho uliendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya kurudia dawa. Mama alitaka kutupaka kila usiku, lakini tabibu alikuwa amekwisha kumwonya kwamba ngozi huendelea kuwasha ingawa wadudu wamekufa, na kwamba dawa ikizidi nayo huwasha.

Ilibaki kumwarifu shangazi wa Kibiti, kazi ambayo baba alimwachia mama. Shangazi alikasirika, akasema nyumbani kwake hakuna uchafu, akakata simu. Kesho yake alipiga mwenyewe kuuliza dawa ile inaitwaje, na kama mjamzito anaruhusiwa kuipaka.