Ukurasa wa watu tisa: nilivyoanza kukusanya kadi za besiboli

Hapa Pittsburgh, Marekani, ukitaja besiboli mbele ya mtu mzima yeyote, jina la Roberto Clemente, nyota wa zamani wa Pirates, timu ya mji huu, halichelewi. Mimi nilihamia mji huu kutoka Tanga bila kuujua mchezo, na kwa muda mrefu Clemente kwangu lilikuwa jina la daraja, lile la njano linalovuka mto Allegheny kwenda uwanja wa Pirates. Kadi ndizo zilizonifundisha, vile vikaratasi vigumu vyenye picha ya mchezaji mbele. Nyuma ya kila kadi kuna maisha ya mchezaji kwa ufupi: kazaliwa wapi, ana urefu gani, anapigia mkono upi, mwaka gani alipata nini. Kwa mgeni anayetaka kuelewa wenzake kazini wanabishania nini kuanzia Aprili mpaka Oktoba, sijaona somo rahisi kuliko hilo.

Karibu kila mtu anaanza na pakiti mpya. Unakwenda dukani, unanunua pakiti ya kadi za kampuni ya Topps, unaichana, unatazama umepata nani. Raha ipo, sikatai. Ila bei ya pakiti haitokani na zile kadi za kawaida utakazozikuta ndani. Inatokana na tumaini la kukuta yenye saini halisi ya mchezaji, au iliyochapwa nakala chache na kupigwa namba. Wengi wetu hatuikuti. Nilichana kadhaa, nikaona hii ni kubeti kwa jina jingine, na mikeka nimewaachia ndugu zangu kule nyumbani.

Nilipotaja kazini kwamba napenda kadi, mwenzangu mmoja aliniletea sanduku zima la tangu ujana wake. Bure, tena yeye ndiye aliyeshukuru kwa kupunguziwa mzigo. Zote zilikuwa za miaka ya mwisho ya themanini na mwanzo wa tisini, na ukimwuliza mwenye duka yeyote atakwambia kwa nini zinagawiwa hivyo. Miaka hiyo habari zilikuwa zimeenea za kadi za kale kuuzwa kwa maelfu ya dola. Watu wakakimbilia kununua mpya na kuzitunza zisiguswe, na kampuni nazo, Topps, Donruss, Fleer, Score, kisha Upper Deck mwaka 1989, zikachapa bila breki. Lakini za kale zilikuwa ghali kwa sababu watoto walizichezea mpaka zikachakaa na mama zao wakatupa zilizobaki. Za 1988 hakuna aliyezitupa. Leo unaweza kuwa nazo elfu moja na usipate mtu wa kukupa hela ya chakula cha mchana. Mimi sikuwa na mpango wa kuuza, kwa hiyo sanduku lile lilikuwa mali: humo nilijifunza majina ya timu, nafasi za uwanjani na namna ya kusoma takwimu. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aulizie kwa majirani kwanza, kabla hajatoa hata senti.

Baada ya hapo linakuja suala la kukusanya nini. Mzee mwenye duka la kadi ninakokwenda, mtu wa subira, aliniuliza swali moja tu: "Ukifungua faili lako, unataka kuona nini?" Ni swali zuri, kwa sababu asiyelijibu anaishia na maboksi chini ya kitanda.

Jibu langu lilikuwa tarehe. Tarehe 1 Septemba 1971, katika uwanja wa Three Rivers hapa mjini, kocha Danny Murtaugh wa Pirates alipanga kikosi dhidi ya Philadelphia Phillies, na wote tisa walioanza walikuwa weusi, wengine Wamarekani, wengine kutoka visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati. Haikuwahi kutokea katika ligi kuu, na ilikuwa imepita miaka 24 tangu Jackie Robinson aingie na kuvunja ubaguzi uliowazuia weusi kuicheza. Rennie Stennett na Manny Sanguillén walitoka Panama, Clemente Puerto Rico, Jackie Hernández Cuba. Wamarekani walikuwa Gene Clines, Willie Stargell, Dave Cash, Al Oliver na mrushaji Dock Ellis. Walishinda 10-7. Magazeti ya Pittsburgh yalikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo mji wenyewe haukuisoma habari hiyo kesho yake asubuhi. Mwezi uliofuata timu ikabeba ubingwa kwa kuifunga Baltimore Orioles katika mchezo wa saba, Clemente akichaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Wachezaji tisa. Na ule ukurasa wa plastiki wa kupangia kadi kwenye faili una vifuko tisa. Sikuhitaji kufikiri zaidi.

Toleo la Topps la 1971 lina kadi 752, na kila mwenye macho analitambua kutoka mbali kwa sababu ukingo wake ni mweusi. Ni zuri kulitazama, ila ni adui wa mkusanyaji: ukiligusa vibaya, wino unabanduka pembeni na karatasi nyeupe inachungulia. Kadi ya mwaka huo ambayo haijachubuka ni adimu, na bei yake si ya mtu wa mshahara kama wangu. Iliyochakaa kidogo ni dola chache. Nikajiwekea sharti langu: uso wa mchezaji uwe safi, mkunjo usipite usoni, pembe zikiwa butu hainihusu. Kuna kampuni, PSA ndiyo maarufu, ambazo huipima kadi na kuipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha huifungia ndani ya kasha gumu. Alama moja tu ikipanda, bei inaruka. Mimi kasha la nini? Kadi iliyofungwa haiingii kwenye kifuko changu.

Ukinunua zisizopimwa, lakini, itabidi jicho lako lifanye kazi. Kwa 1971 hila kubwa ni kalamu ya wino mweusi: mtu anapaka pale palipochubuka ili kadi ionekane mpya. Iinamishe kwenye mwanga. Wino wa kalamu hung'aa tofauti na ule wa kiwandani, na mara nyingi huwa umevuja hadi kwenye ubavu wa kadi, ambao unapaswa kuwa na rangi ya karatasi. Hila ya pili ni kukata ukingo kidogo ili pembe ziwe kali tena. Kwa hiyo ninatembea na kadi moja ya lile sanduku la bure. Tangu 1957 kadi za kawaida za Topps zina kipimo kilekile, inchi 2.5 kwa 3.5, kwa hiyo ukiziweka pamoja, iliyokatwa inajisema yenyewe. Na msidhani ni hofu ya bure. Kadi maarufu kuliko zote ni ya Honus Wagner, naye mtu wa Pirates, iliyotoka kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Nakala moja ndiyo ilikuwa kadi ya kwanza kupimwa na PSA, ikapewa alama 8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa minada, alikiri kwamba aliikata kingo. Kama kadi ile ilipita, ya dola tano itashindwaje?

Hernández, Clines, Ellis na Oliver niliwapata haraka, kwenye maboksi ya bei ndogo pale dukani. Sanguillén na Stargell walifuata. Cash alinichelewesha, na sababu yake inafaa kujulikana. Zamani Topps hawakutoa kadi zote kwa mpigo; walitoa kwa mafungu, tangu masika hadi mwisho wa kiangazi. Fungu la mwisho lilipofika madukani watoto walikuwa wamehamia kwenye shule na mpira wa Kimarekani, wenye maduka wakaagiza kidogo. Kwa hiyo namba zikipanda, kadi inakuwa adimu hata kama mchezaji si nyota. Clemente ni namba 630 na ni nyota juu yake, na bei yake ikapita ya wale wengine wote kwa pamoja. Nilimpata kwenye maonyesho ya kadi, jioni, wauzaji wakiwa wanafungasha. Nenda saa hizo. Hakuna anayependa kurudisha mzigo kwenye gari, na kule kupatana bei kunaruhusiwa, jambo lililoniliwaza sana katika nchi ambayo hata nyanya haina maongezi.

Akabaki Stennett. Huyu alianza kuichezea Pirates Julai 1971, kadi za mwaka huo zilipokuwa zimekwisha kupangwa, kwa hiyo Topps walimtoa kwa mara ya kwanza katika toleo la 1972. Toleo hilo lina rangi za kelele na jina la timu limeandikwa kama tangazo la sinema. Wapo wanaojichapia kadi ya 1971 ya kubuni ili ukurasa ufanane. Mimi nimemweka na rangi zake katikati ya zile kadi nane za ukingo mweusi, na wageni wote humwuliza yeye kwanza.

Kuhusu kutunza: kijalada laini kwanza, kisha kifuko, na kurasa ziwe zisizo na PVC, aina ya plastiki ambayo huharibu kadi taratibu. Mpira wa kufungia pesa usiukaribishe kabisa.

Mdogo wangu wa Tanga nilimtumia picha ya ukurasa ulipokamilika. Akajibu, "Kaka, hongera. Sasa hizo hela si ungenunua bati?" Nikamkumbusha kwamba sisi ni watu wa Coastal Union, mabingwa wa 1988, na Pirates ubingwa wao wa mwisho ni wa 1979, mapenzi ya namna hii anayajua.

Kwa sasa natafuta kadi za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu. Aliingia tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pirates hawahawa, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga vyema mpira aliorushiwa na Jon Lester wa Chicago Cubs. Ukurasa huo utachukua muda kujaa. Lakini mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika kwenye fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, jimbo letu hilihili, na walewale sasa ni watu wazima. Mzee wa dukani nimeshamwambia: jina lolote la Kiganda likitokea kwenye pakiti, aniwekee pembeni.